Sala ya Jioni Westminster Abbey: uzoefu wa Mwanglikana wa Muheza

Nimelelewa katika Kanisa Anglikana upande wa Muheza, ambako harufu ya ubani na mlio wa kengele ya madhabahuni tulivizoea tangu utotoni, kwa hiyo nilipopata safari ya kikazi ya London mwezi Novemba niliamua mapema kwamba Westminster Abbey, lile kanisa la kale la wafalme wa Uingereza, sitaingia kwa tiketi ya utalii, bali nitakwenda kusali. Uamuzi huo uliniokolea karibu pauni 30, maana ibada haina kiingilio, lakini sikuwa nabana matumizi. Nilitaka kuisikia Sala ya Jioni, ile ile tuliyoipokea kutoka katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ikisaliwa na watu wa nyumbani kwake.

Siku za kazi ibada hiyo huanza saa kumi na moja jioni, nayo huimbwa na kwaya isipokuwa Jumatano, ambapo kwa kawaida husemwa tu bila kuimbwa. Nilichagua Jumanne. Nilifika saa kumi na robo nikakuta watu wameshapanga foleni kwenye lango la magharibi, na kwa kuwa Novemba jua la kule huzama mapema mno, mtu wa pwani hawezi kuacha kuhisi kwamba amechelewa. Mifuko hukaguliwa, hivyo anayekwenda na auache mkoba mkubwa alikofikia.

Faida ya kuwahi niliiona baada ya kuingia, kwani mhudumu alinipeleka hadi kwenye viti vya mbao vilivyo nyuma ya waimbaji wenyewe, vile vinavyotazamana pande mbili, kila sehemu ikiwa na taa ndogo yenye kifuniko chekundu. Waliofuata nyuma yangu waliketishwa mbele zaidi, mahali ambapo kwaya inasikika vizuri lakini haionekani. Kwaya ina wavulana wapatao 30, wanaosoma katika shule ya kanisa hilo hilo, pamoja na wanaume 12. Mmoja wa wavulana hao, ambaye nadhani hakuzidi miaka tisa, alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Alipiga mwayo mrefu bila kuuficha, akanyoosha kola yake, akafungua kitabu, na dakika moja baadaye alikuwa anatoa sauti ambayo sikuweza kuihusisha na mwayo ule.

Zaburi ziliimbwa kwa kupokezana, upande huu mstari mmoja na upande ule unaofuata, na katikati ya kila mstari waimbaji walinyamaza kidogo pamoja, pasipo mtu kuwaongoza waziwazi. Katika kituo hicho kifupi ndipo nilipolielewa jengo. Paa liko juu kiasi cha mita 31, katika kanisa ambalo Mfalme Henry wa Tatu alianza kulijenga upya mwaka 1245, na sauti ikishapanda huko haina haraka ya kushuka. Watawa wa Mtakatifu Benedikto waliimba zaburi mahali hapo kwa karne nyingi hadi monasteri ilipovunjwa mwaka 1540, na ukaaji ule wa kutazamana ni urithi wao.

Kwa mgeni kutoka kwetu, jambo gumu ni kunyamaza. Wimbo wa Maria ulipoanza nilijikuta naufuata kwa Kiswahili, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, mpaka mama mmoja aliyekuwa pembeni akanigeukia, bila ubaya. Waumini huimba kidogo sana. Kwaya husali kwa niaba ya wote, na kazi yako ni kusikiliza. Aliyezoea kwaya za vijana na vigelegele atajiona mtazamaji kwa dakika kumi za mwanzo. Mimi nilitulia wakati wa somo la pili, ingawa watu wawili walichagua wakati huo huo kuinuka na kuondoka, nadhani walikuwa wamekwisha kuona walichotaka kuona. Ibada yote haikuzidi dakika 45.

Wakati wa kutoka tulipita katikati ya kanisa, juu ya makaburi, na hapo nikalikuta jiwe la kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, nililokuwa nikilitafuta. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mikono yenyewe haikutajwa majina. Baada ya Livingstone kufariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba muda wa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kaburi la moyo ule uko katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, nami nimepiga magoti mbele yake mara nyingi. Mwili ulizikwa hapa tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright, mmoja wa waliosafiri nao, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza; Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Watu walikuwa wakinisukuma taratibu kuelekea mlangoni, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuyataja majina yao mara moja tu, kisha nikatoa sadaka yangu na kutoka.

Nje nilivuka hadi upande wa barabara ili niutazame mlango vizuri. Juu yake zimepangwa sanamu kumi za wafia imani wa karne ya 20, zilizozinduliwa mwaka 1998, na mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Nilikuwa nimesimama chini yake kwenye foleni karibu dakika arobaini, nikihesabu vichwa vya watu walionitangulia, wala sikuinua macho.