Jaketi la Kwenda Bara: Anza na Zipu

Julai iliyopita nilishuka kwenye treni ya SGR pale Syokimau nikiwa na jaketi nililolinunua miezi minane kabla, katika duka moja la Nyali, kwa shilingi 6,500. Tangu siku hiyo lilikuwa limetundikwa kabatini likingojea harusi ya shemeji yangu kule Limuru. Lilikuwa zito na lilinipendeza. Zipu ilipanda hadi kitovuni, ikakwama, haikupanda wala kushuka tena. Asubuhi ya harusi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai, nilijifunga leso juu ya jaketi ili upepo usinipige kifuani, na wifi yangu akaniuliza kama nimekuja harusini au nimekuja kupika.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia unene, rangi wala mtindo, mambo ambayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nitazungumzia zipu. Sisi wa Mombasa hununua nguo za baridi tukazivaa labda wiki mbili kwa mwaka, na muda wote uliobaki hukaa kabatini katika hewa ya unyevu na chumvi, hewa ile ile inayokula mabati na bawaba za milango. Meno ya shaba hufanya kutu ya kijani, chumvi hujikusanya ndani ya kichwa cha zipu, na kwa kuwa hakuna anayelifungua jaketi miezi yote hiyo, hakuna anayegundua hadi siku ya safari.

La kwanza kwangu, na sioni haya kulipendelea, ni jaketi la kampuni ya Columbia la mtumba lenye meno mapana ya plastiki. Langu nililipata katika soko la Kongowea mwaka 2019 kwa shilingi 1,200, na hadi leo zipu yake hupanda kwa kidole kimoja. Ukikigeuza kichwa cha zipu utaona herufi YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, ambayo zipu zake zimo katika nguo za kila aina duniani. Herufi hizo huigwa, kwa hivyo usitosheke nazo. Funga na ufungue mara tano papo hapo mbele ya muuzaji, hata akinuna, ukitazama hasa ile pini ya chini inayoingia katika kijumba chake, kwa maana hapo ndipo jaketi la mtumba huwa limechoka. Kichwa chenyewe mara nyingi ni cha madini hata kama meno ni ya plastiki, lakini kichwa fundi hukibadilisha peke yake, ilhali meno yakishaharibika hudai zipu nzima.

La pili ni sweta ya sufu ya kuvalia kichwani, kwani haina zipu kabisa. Sufu huendelea kukupa joto hata ikilowa manyunyu, jambo ambalo pamba hailiwezi. Adui yake ni nondo, na upepo mkali huipenya. Ya tatu ni flisi, ile nguo laini yenye manyoya ya nyuzi za plastiki, ambayo ni nyepesi, hukauka upesi, na zipu yake kwa kawaida ni ya nailoni isiyojua kutu. Ivae ndani ya jaketi, kwa sababu peke yake hupitisha upepo kama wavu. Majaketi mapya ya bei ya chini yanayotandazwa kando ya barabara ni ya safari moja tu.

Kuhusu bei, muuzaji akikuuliza, "Dada, unasafiri?" mjibu kwamba unamnunulia mtu. Nimeshuhudia jaketi la shilingi 900 likiwa 1,800 mara tu mama mmoja aliposema mwanawe anakwenda kusoma ng'ambo. Wengine hukuonyesha fagia, yaani masalio ya mtumba uliokwisha kuchambuliwa, wakakutoza bei ya kamera, zile nguo bora zinazotolewa kwanza. Na lile duka langu la Nyali, nilipowarudishia jaketi, lilinieleza kwamba dhamana yao inahusu kitambaa na mshono, si zipu, kana kwamba jaketi lisilofungika ni jaketi bado.

Kabla ya kulirudisha kabatini, lipangushe zipu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, likauke, kisha usugue mshumaa mweupe juu ya meno. Usilifungie katika mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu hubaki ndani na koga hufuata. Kila mwezi lifungue na ulifunge mara moja.

Lile la Nyali nililipeleka kwa fundi wa Kongowea, akang'oa zipu yote na kushona ya plastiki kwa shilingi 300. Kile kichwa cha zamani alinitilia mkononi: kilikuwa kimegeuka kijani kibichi, na jino moja la shaba lilikuwa bado limenasa ndani yake.