Rangi za mkono mmoja kwa vijisanamu vya mezani: uzoefu wangu

Jeshi lako la vijisanamu vya mchezo wa vita wa mezani likiwa la mifupa, mazimwi yenye manyoya au wachawi waliovaa majoho ya mikunjo mingi, nunua rangi hizi za mkono mmoja, yaani za kupaka mara moja tu, bila kusita. Likiwa la askari wenye deraya pana, laini, zisizo na mchongo wowote, utazichukia kabla hujamaliza kikosi cha kwanza. Mimi nina majeshi ya aina zote mbili, pamoja na wahusika wa mchezo wetu wa kuigiza wa mezani, ambao kila mchezaji ana mhusika wake, na seti ileile imenipa raha upande mmoja na kunitoa jasho upande mwingine.

Rangi za namna hii zilivuma mwaka 2019, Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya vijisanamu, ilipotoa zake kwa jina la Contrast. Baadaye The Army Painter ikaja na Speedpaint, Vallejo ikaja na Xpress Color, na leo watengenezaji wengi wa rangi za vijisanamu wana za kwao. Seti yangu si ya yeyote kati ya hao watatu, ila kanuni ni hiyohiyo.

Akriliki ya kawaida, ile rangi nzito ya vijisanamu iliyozoeleka, inafunika kilicho chini yake. Unapiga ya msingi, unasubiri, unapitisha kivuli chepesi kwenye mabonde, unasubiri tena, kisha unarudisha mwanga kwenye kingo kwa rangi iliyopauka kidogo. Kwa kijisanamu cha milimita 28 hivi, ambacho uso wake ni mdogo kuliko punje ya mahindi, kazi hiyo inaweza kula jioni nzima. Rangi ya mkono mmoja ni nyepesi, inapitisha nuru, na imechanganywa na kimiminika kinachochelewa kukauka. Ukiipaka inateleza kutoka kwenye matuta na kwenda kutuama mabondeni. Juu unabaki utando mwembamba unaoruhusu praima nyeupe (rangi ya kutandika kabla ya nyingine zote) ionekane, chini panakoza. Mwanga na kivuli vinatoka kwa mpako mmoja, lakini anayechora hasa ni yule aliyechonga kijisanamu. Akikuachia mabonde na matuta, umepona. Akikuachia ukuta mtupu, huna pa kukimbilia.

Mbavu za mifupa ndizo zilizonifanya niamini. Nilichukua ile hudhurungi yenye umanjano, nikaijaza brashi na kuipitisha kuanzia shingoni hadi nyongani bila kurudi nyuma. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kimelowa na kuonekana kichafu tu. Halafu ikaanza kushuka: kila ubavu ukajitokeza na weupe wake, kati ya ubavu na ubavu kukaingia hudhurungi iliyokoza, na matundu ya macho kwenye fuvu yakajaa yenyewe. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvizia tone lililokusanyika chini ya uti wa mgongo na kulinyonya kwa ncha ya brashi yenye unyevu. Hapo usisinzie. Tone likikauka lilipo linaacha duara lenye ukingo mweusi, na ukingo huo hautoki kwa kusugua. Inabidi upake nyeupe upya na kuanza tena sehemu hiyo.

Manyoya, nywele, kamba, ngozi za mikanda, mbao za mikuki na ngao: kote huko matokeo ni mazuri mno kwa juhudi ndogo unayoweka. Majoho nayo yanapendeza, hasa ya kijani na zambarau.

Kwenye ngozi za watu nina maoni mawili. Hudhurungi za kukoza ndizo zilizotoka vizuri kuliko chupa zote za seti, mradi uzipake juu ya praima ya krimu badala ya nyeupe kali. Paji la uso na mashavu vinashika mwanga wenye joto bila wewe kufanya lolote. Ile ya ngozi iliyopauka sikuipenda hata kidogo. Inajikusanya kwenye mikunjo ya mdomo, na shujaa wako anaonekana ametoka kula udongo.

Kuna jambo ambalo halijaandikwa popote kwenye boksi, na ndilo ninalolitumia zaidi siku hizi. Paka rangi ya fedha ya kawaida kwanza, iache ikauke kabisa, kisha pitisha bluu, nyekundu au kijani ya seti hii juu yake. Unapata chuma chenye rangi kinachong'aa, na kama ni deraya ya vikuku, kila kikuku kinaonekana peke yake. Hudhurungi juu ya fedha inakupa shaba iliyozeeka. Majemadari wangu wote wamevikwa hivyo.

Sasa nije kwenye kero. Chukua bega la askari wa anga za juu: limeviringwa, ni laini, halina hata msumari. Rangi haijui iende wapi. Inabaki mabakamabaka, ukijaribu kuisawazisha ikiwa imeanza kushika unaipasua, na chini ya bega unapata dimbwi. Kuichanganya nusu kwa nusu na kimiminika chake cha kupunguzia kunasaidia, na kupaka kipande kimoja hadi kiishe kabla ya kugusa kingine kunasaidia pia. Lakini ukishafika huko, ule wepesi uliokufanya ununue umekwisha. Kwa deraya laini natumia akriliki ya kawaida, na hizi naziachia mikanda, mifuko na vitambaa. Picha zilizopo kwenye boksi, kwa taarifa yako, ni za viumbe wenye magamba na manyoya watupu. Hawakuwa wajinga.

Kero ya pili ni kubwa zaidi kwangu: rangi iliyokauka kuamka. Seti hii ina chupa kadhaa ambazo, hata baada ya kukauka kwa saa nyingi, ukipitisha rangi nyingine yenye majimaji juu yake, ya chini inayeyuka na kupanda. Joho jekundu liliingia kwenye ukingo mweupe niliokuwa nauchora juu yake, na mweupe ukawa waridi. Si chupa zote zinazofanya hivyo. Nyekundu na bluu ndizo korofi, hudhurungi zimetulia. Dawa niliyoipata ni kupuliza vanishi isiyong'aa juu ya mpako wa kwanza kabla ya kuongeza mistari na mwanga. Inafanya kazi, lakini ni hatua ya ziada kwenye kitu kilichouzwa kwa ahadi ya kupunguza hatua.

Praima nayo usiichukulie poa. Nyeupe inatoa rangi kali na safi, na ukikosa kona yoyote wakati wa kupaka, nyeupe itakusuta kutoka mbali. Njia ninayoipenda ni kupuliza nyeusi kote, kisha kusugua kijivu kwa brashi kavu (yenye rangi kidogo sana, inayoshika matuta tu), kisha nyeupe kwa brashi kavu kutoka juu kwenda chini, ndipo nipake. Vivuli vinakuwa tayari vimekaa chini ya rangi, na kona ulizozikosa zinabaki nyeusi, kwa hiyo zinaonekana ni kivuli cha kukusudia. Hasara yake ni kwamba rangi zinafifia. Manjano ndiyo inayoumia zaidi. Juu ya kijivu inageuka kijani cha ugonjwa. Ukitaka bendera ya manjano, irudishie nyeupe kwanza.

Brashi moja ya namba 2 yenye ncha inayojikusanya vizuri inatosha karibu kazi yote. Wanaoanza hukimbilia brashi ndogo kabisa, lakini ile haibebi rangi ya kutosha, inakukaukia njiani na kukuachia mistari. Chupa zitikise kwa nguvu kila mara, kwa sababu rangi inazama chini na juu panabaki kimiminika kitupu. Na usipunguze kwa maji. Maji yanaivunja, inakauka na madoadoa pembezoni. Tumia kimiminika chake, na kama hakimo kwenye seti (kwangu hakikuwemo, jambo lililonikera), kinunue.

Wapo wanaosema huu ni ujanja wa wavivu. Sawa. Kwenye mchezo wa vita wenye vijisanamu vya kujaza meza nzima, nimecheza na watu wengi ambao majeshi yao yamebaki plastiki ya kijivu miaka na miaka wakingoja muda wa kupaka vizuri. Ningependa kucheza dhidi ya mifupa iliyopakwa kwa haraka kuliko dhidi ya jeshi zuri la kesho lisilofika. Ila kwa mhusika wangu mwenyewe wa mchezo wa kuigiza, yule ninayemshika mkononi kila tunapokaa, hatua za taratibu bado zina utamu wake: rangi za mkono mmoja nazitumia kuweka msingi, halafu namchora uso na kingo kwa akriliki ya kawaida.

Jambo la mwisho kwa matumizi ya mezani: utando huu ni mwembamba. Vidole vikishika kijisanamu mara kwa mara, rangi inang'oka kwenye pua, kwenye magoti na kwenye ncha za mikuki, mapema kuliko akriliki ya kawaida iliyopigwa mikono miwili. Vanishi ni lazima. Nashika pia kitako, kile kibao kijisanamu kinaposimama, badala ya mwili, na nimewafundisha wenzangu hivyo, kwa ukali kidogo.

Je, ningenunua seti nzima tena? Hapana. Ningenunua chupa moja moja: hudhurungi ya mfupa, hudhurungi mbili za ngozi, kijani, zambarau, ile ya mikanda, na kimiminika cha kupunguzia. Nyekundu ningetafuta ya mtengenezaji mwingine. Nyeupe yao, ambayo kwa kweli ni kijivu chenye ubluu, ningeiacha rafuni.