Kutazama bata bukini kwa boti, Mfereji wa Kazinga

Safari hii ya takribani saa mbili kutoka Mweya, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, inastahili nauli yake. Chagua ya alasiri, wanyama wakishuka kunywa maji. Bata bukini wa Misri husimama wawiliwawili matopeni, karibu kabisa na viboko: miguu ya waridi, doa la kahawia kuzunguka jicho, na wakiruka, mabawa hufunua weupe mkubwa. Wazuri mno! Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42) inatosha. Inayokuza mara 10 hukuza pia mtetemo wa injini, picha ikachezacheza. Kasoro ni mchangani, mfereji unapoingia Ziwa Edward. Hapo ndege wa majini, mwari na minandi, hujazana, lakini boti hugeuka upesi. Mwombeni nahodha mapema azime injini dakika kumi.