Uzoefu Wangu na Darubini ya Bunduki ya Vortex Viper PST Gen II kwa Masafa Marefu

Nimetumia darubini ya Vortex Viper PST Gen II, ile inayokuza mara 5 hadi 25 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 50, kwa misimu kadhaa ya kulenga shabaha za chuma na za karatasi nikiwa mkazi wa Colorado. Naandika haya kwa ajili ya Waafrika Mashariki wenzangu walioko huku Marekani ambao wameanza kuupenda mchezo huu na huniuliza mara kwa mara wanunue nini. Maoni yangu nayatanguliza mapema: kwa umbali wa mita 600 na kuendelea, sifa ya darubini inayostahili pesa yako kuliko zote ni uaminifu wa vifundo vyake vya kurekebishia, vile vinavyozungushwa ili kuhamisha mahali risasi inapopiga: juu, chini au pembeni. Ukuzaji, ung'avu wa kioo na taa ya ndani hufuata nyuma, tena kwa mbali.

Bunduki yangu hutumia risasi za 6.5 Creedmoor, aina ambayo kampuni ya risasi ya Hornady iliingiza sokoni mwaka 2007, na nimeilinganisha ipige katikati kwenye yadi 100. Mahali ninapopenda kuipima ni uwanja wa kulenga shabaha wa Whittington Center, karibu na Raton, kaskazini mwa New Mexico, ambako kuna nyati mweupe wa chuma aliyesimamishwa yadi 1,123 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 1,027 hivi. Ili risasi yangu imfikie, lazima nizungushe kifundo cha juu kwa kiasi kilicho kati ya miliradiani 9 na 10. Miliradiani ni kipimo cha pembe: moja ni sentimita 10 kwenye mita 100 na mita moja kamili kwenye mita 1,000, na kila hatua ya kifundo hiki ni sehemu ya kumi ya miliradiani. Sasa fikiria darubini ambayo kifundo chake husogea pungufu kwa asilimia 3 tu. Kwenye yadi 100 hutaona kasoro yoyote, ilhali kwa yule nyati utapungukiwa na karibu sentimita 30, na hapo ndipo mtu anapoanza kulaumu upepo, baruti na pumzi zake mwenyewe, kumbe wa kulaumiwa ni kile chombo kilicho juu ya mtutu.

Kwa sababu hiyo, mzigo ulipofika sikuukimbiza uwanjani. Nilianza na ufungaji, kazi ambayo wengi huimaliza kwa dakika chache na kuilipia kwa muda mrefu. Bunduki iliwekwa sawa kwa pimamaji, kisha nikatundika timazi kwenye ukuta wa mbali na kuizungusha darubini ndani ya pete zinazoishikilia juu ya bunduki mpaka mstari wa wima wa alama za kulengea ukalingana kabisa na uzi wa timazi. Skrubu za pete nilizikaza kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana inayopima nguvu, bila kuvuka niutoni-mita 2, maana ukizidisha unaweza kulibana bomba na kuharibu mwendo wa lenzi za ndani. Wasiojali unyoofu huu wapige hesabu: darubini iliyoinama nyuzi 3 tu, ikipandishwa miliradiani 9 na nusu, huipeleka risasi kando kwa karibu nusu mita pale kwenye nyati, hata kama hewa imetulia kabisa.

Baada ya kuilinganisha bunduki, nilifanya jaribio ambalo kwangu ndilo tathmini yenyewe. Nilipima mita 100 kwa kamba, nikasimamisha ubao mrefu wenye karatasi, nikachora mstari wima kwa kufuata timazi, na juu ya mstari huo nikatia alama mita moja kamili kutoka nukta ya kulengea. Ukipiga risasi chache kwenye nukta ya chini, kisha ukapandisha miliradiani 10 na kuendelea kuilenga nukta ile ile ya chini, matundu mapya yanapaswa kuangukia mita moja juu, tena juu ya mstari. Yangu yaliangukia hapo. Nilirudisha kifundo chini, nikapandisha tena, nikarudia jaribio zima baada ya majira ya baridi kupita, na tofauti niliyoiona ilikuwa ndani ya mtawanyiko wa kawaida wa bunduki yenyewe. Mwenzangu mmoja alileta darubini ya kampuni nyingine, nzuri kwa macho na yenye ukuzaji mkubwa kuliko yangu, na katika ubao huo huo ikasimama wazi chini ya alama ya mita moja, kila aliporudia. Aliirudisha dukani, na alifanya vyema.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji hulipita haraka, nami naona ni lazima nilieleze. Bomba la darubini hii ni la milimita 30, na jumla ya mwendo wake wa juu na chini ni takriban miliradiani 20. Ukiifunga juu ya reli bapa, yaani kipande cha chuma juu ya bunduki ambacho pete hufungwa, karibu nusu ya mwendo huo huwa chini ya mahali unapoanzia, ambako huihitaji kabisa, na kinachobaki juu ni kama miliradiani 10, kiasi ambacho kwa nyati kinakufikisha ukingoni. Ndiyo maana nilinunua reli iliyoinamishwa dakika 20 za nyuzi (dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), sawa na miliradiani 5.8, ambayo huyahamishia matumizi hayo upande wa juu. Reli ya aina hiyo ina bei ndogo ukiilinganisha na darubini, na bila yake unakuwa umelipia mwendo ambao hutautumia kamwe.

Kifundo cha juu huzunguka miliradiani 10 kwa mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo shabaha zangu zote naweza kuzifikia kabla ya kuingia mzunguko wa pili, jambo linaloondoa hofu ya kupotea katika hesabu. Kuna pia kizuizi cha sifuri: ukimaliza, unarudisha kifundo hadi kinapogota, nawe unajua kwa vidole tu kwamba umerudi kwenye yadi 100. Alama za kulengea ziko kwenye tabaka la mbele la fokasi, maana yake hukua na kupungua pamoja na picha, na vipimo vyake hubaki kweli ukiwa kwenye ukuzaji wa 8 au wa 20. Kwa anayefidia upepo kwa alama badala ya kuzungusha kifundo, kama ninavyofanya, hili si la hiari. Ninawashauri pia mchague darubini ambayo alama na vifundo vyake vyote viko katika kipimo kimoja, ama miliradiani ama dakika za nyuzi, kwa sababu kubadilisha hesabu kichwani huku muda unayoyoma ni njia ya hakika ya kukosea.

Ukuzaji wa mara 25 naupenda kwa kukagua matundu kwenye karatasi, ila kwa kupiga shabaha za mbali ninautumia kwa nadra. Jua likishapanda, mazigazi huanza kuchemka juu ya nyasi kavu za Raton, na kadiri unavyokuza ndivyo unavyoyakuza na yenyewe, hata nyati akaonekana anayeyuka. Nikishusha hadi kati ya 12 na 16, picha hutulia, na mazigazi yale yale hunisaidia kusoma upepo unavyotiririka. Fizikia nayo ina lake: lenzi ya milimita 50 ikigawanywa kwa ukuzaji wa 25 huacha duara la mwanga la milimita 2 tu linalofika jichoni, kwa hiyo asubuhi na mapema au jioni picha lazima ififie. Upana wa unachokiona kwenye yadi 100 hubaki karibu mita moja na nusu, na kuitafuta shabaha ndogo kwa dirisha jembamba hivyo huchosha.

Kifundo cha kushoto, cha kuondoa paralaksi, yaani alama kuonekana zikihama juu ya shabaha jicho linaposogea, kinahitaji mazoea. Namba zilizochorwa juu yake ni mwongozo tu. Mimi hulenga, nikasogeza kichwa kidogo kushoto na kulia, na kama alama zinatembea juu ya shabaha nazungusha mpaka zikatulia.

Darubini yenyewe ni nzito, karibu gramu 885, kwa hiyo anayewinda kwa kutembea milimani siku nzima atafute nyingine. Kwa bei ya takriban dola 1,000 niliyoilipa, niko radhi nayo kabisa. Hata hivyo, chombo hakikadirii upepo: kwenye nyati, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma risasi yangu zaidi ya mita moja na nusu. Wala hakijui hali ya hewa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na jedwali la risasi uliloandaa Houston halitafaa Raton mpaka ulikokotoe upya.

Neno kwa wanaoombwa na ndugu wawapelekee darubini nyumbani: darubini za bunduki zimo katika bidhaa ambazo sheria za Marekani za usafirishaji nje huzidhibiti, hata zikiwa hazina bunduki. Msizitie kwenye begi la safari kama zawadi nyingine kabla ya kuthibitisha kama kibali kinahitajika, na anayepokea athibitishe upande wake pia kwa mamlaka inayotoa leseni za silaha.