Helios 44-2 kwenye kamera ya kisasa: lenzi haikunisumbua, adapta ndiyo

Nianze na kilichonipotezea wiki mbili, kwa sababu hakuna aliyenionya. Siku ya kwanza nilipofunga Helios 44-2, lenzi ya zamani ya Kisovieti, kwenye Sony yangu isiyo na kioo cha ndani, picha za sura zilitoka safi kabisa. Nikageukia miti iliyo mbali: ukungu. Nikazungusha pete ya fokasi hadi mwisho, ukungu uleule. Nikailaumu lenzi, nikasema ndiyo uzee huo. Nikaipangusa, nikaifungua, nikaikaza upya. Kumbe mkosaji ni adapta, kile kipande cha chuma kinachounganisha lenzi na kamera, ambacho sikukifikiria hata mara moja.

Lenzi hii ni ya skrubu ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42, na ilipangwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera za Sony za mdomo wa E, kama yangu, zina milimita 18 tu hapo. Adapta inajaza pengo linalobaki, milimita 27.46. Ikizidi unene kwa milimita 0.2 peke yake, lenzi ya milimita 58 inaishia kuona vizuri kwenye mita 17 hivi, na chochote kilicho ng'ambo ya hapo hakishikiki tena. Ikiwa nyembamba kidogo haina neno: pete inapita alama ya nane iliyolala, yaani ya umbali usio na mwisho, nawe unairudisha nyuma kidogo. Yangu ilikuwa nene. Nilipobadilisha adapta, miti ikarudi. (Wenye kamera za Nikon F za kioo wana kesi ngumu zaidi, maana kwao umbali huo ni milimita 46.5. Adapta bila lenzi ndogo ya ziada ndani haiwezi kuwafikisha mbali.)

Kabla ya yote, ingia kwenye menyu uiruhusu kamera ipige bila lenzi, kwani haitambui kwamba umefunga kitu. Kisha iweke kwenye hali ya kuchagua apacha, yaani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga: wewe unazungusha pete, yenyewe inatafuta kasi ya shata. Kama mwili wa kamera una kituliza-mtikisiko, mwambie kwa mkono kwamba lenzi ni ya milimita 58. Mimi niliwahi kuacha 135 ya lenzi nyingine, na kila picha ikatoka kama imepigwa kwenye gari linalotembea.

Pete za apacha ni mbili, na wengi hudhani mojawapo imeharibika. Ya kwanza inalia kwa kugota na inaweka kikomo. Ya pili inateleza bila sauti kati ya f/2, tundu likiwa wazi kabisa, na kikomo hicho. Mimi naweka kikomo kwenye f/16 na kuisahau, halafu natumia ile inayoteleza. Kwa video ni raha tupu, mwanga unapungua polepole bila kuruka. Na kwa kuwa hakuna springi inayofunga zile bapa za apacha, mafuta kidogo juu yake hayanitii hofu. Kwenye lenzi za apacha ya kujifunga yenyewe, mafuta hayohayo yangenifanya niirudishe kwa muuzaji. Ninachokikagua kwa tochi ni kuvu, ule utando kama wa buibui ndani ya vioo.

Kulenga sasa. Ile rangi ambayo kamera inapaka kwenye kingo zilizo kwenye fokasi ni ya kudanganya ukiwa f/2. Itakupakia uso mzima, kumbe kilicho kali ni sikio. Umbali wa karibu kabisa ni nusu mita, na hapo kina cha fokasi hakifiki sentimita 1. Nakuza picha kwenye skrini hadi nione kope, ndipo nabonyeza. Anayekaa tuli, tunaelewana. Mtoto anayekimbia nilimpiga picha 40, nikabaki na 3, na mojawapo ni ya mgongo.

Sifa iliyoipa jina ni ile ya mandharinyuma kuzunguka kama maji kwenye beseni. Muundo wake unatokana na Biotar, lenzi ya Wajerumani, na mzunguko huo upo kweli, ila hauji wenyewe. Unahitaji majani yanayopenywa na mwanga, mtu aliye karibu, na majani hayo mita kadhaa nyuma yake. Ukuta mtupu haukupi kitu. Kwenye sensa ndogo ya APS-C ni mbaya zaidi: kingo zinakatwa, lenzi inaona kama ya milimita 87, na mzunguko karibu wote unabaki nje ya fremu. Katikati ni kali tangu f/2, pembeni subiri hadi f/5.6 au f/8. Jua likiingia kwa ubavu, picha nzima inapauka. Kuna wanaoupenda mpauko huo. Mimi nimefunga kofia ya lenzi ya kuzuia jua, ya skrubu ya milimita 49.

Jambo moja linaniuma bado. Kamera haiandiki apacha kwenye taarifa za picha. Ile picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga na lenzi hii, nywele zikiwa na mwanga kwa nyuma na jicho moja tu kwenye fokasi, nimejaribu kuirudia mara nne. Sikumbuki niliipiga kwa f ngapi.