Gemu Ipi Inastahili Hela Yako? Ipime kwa Bei ya Kibandani

Kabla sijatoa hela ya gemu, huwa naangalia kwanza bei ya kibanda cha PS (PlayStation), unakolipia kucheza kwa saa. Mtaani kwetu saa moja ni shilingi 1,000. Gemu ikinigharimu zaidi ya hapo kwa kila saa nitakayoicheza kweli, naiacha. Nasema "kweli" kwa sababu gemu ya saa 100 ukiitupa baada ya saa kumi, kwako ni ya saa kumi.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa diski ya mtumba ya gemu kubwa ya zamani. The Witcher 3 ilitoka 2015, na toleo lenye nyongeza zote mbili likafuata 2016. Nililipata Kariakoo kwa 60,000, nikalicheza saa 110, nikaliuza 45,000. Limenila 15,000, kama shilingi 136 kwa saa. Ila ukiwa na PS5 isiyo na sehemu ya diski, soko hili huna.

Diski usiinunue kwa uzuri wa boksi. Itoe, iinamishe kwenye tochi ya simu. Mikwaruzo myepesi inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina neno. Mkwaruzo unaozunguka kama duara ndio wa kuogopa, maana unafuata njia ile ile data zilikoandikwa. Kisha muuzaji aiweke kwenye mashine mpaka uishike pedi na kucheza, si mpaka jina la gemu litokee tu.

Ya pili ni gemu ndogo za bei ndogo. Stardew Valley, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, iliuzwa dola 14.99 ilipotoka 2016, na maboresho yameendelea kuja bure. Kwenye kompyuta inataka kama MB 500 tu, wakati gemu kubwa za siku hizi nyingine hupita GB 100. Bando nalo ni sehemu ya bei, lihesabu. Ukinunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kudai hela yako ndani ya siku 14 kama hujafikisha saa mbili za kucheza.

Za bure, kama Fortnite na eFootball, naziweka ya tatu. Ni bure kweli, mradi kadi ya benki isikae kwenye akaunti anayochezea mtoto, maana ndani yake kuna vitu vya kununua.

EA Sports FC, gemu ya mpira inayotoka kila mwaka, ni ya nne. Wachezaji uliowalipia Ultimate Team, sehemu ya gemu hiyo unakojijengea timu yako, hawahamii toleo linalofuata, na bei hushuka sana baada ya miezi michache. Subiri.

Ya mwisho kabisa ni gemu mpya siku ya kutoka, dola 70. Ukikadiria dola kwa 2,500, hiyo ni 175,000, saa 175 za kibandani. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni mpaka Juni 2021. Waliosubiri waliipata ikiwa imetengenezwa, tena kwa bei ya chini.