Fuwele au nyuzi: selulosi ya mabua igeuzwe nini?
Mabua, makumbi na makapi ya miwa yote yana selulosi, yaani dutu inayojenga kuta za seli za mimea. Ukishaondoa lignini, ile gundi inayoishikilia, njia kuu za kuichambua iwe vipande vidogo mno ni mbili.

Ya kwanza ni asidi. Asidi ya salfuriki ya takriban asilimia 64, kwenye nyuzijoto 45 kwa saa moja hivi, hula sehemu legelege na kuacha fuwele ngumu zenye urefu wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 100 hadi 300. Mimina maji yenye fuwele hizo kwenye kisahani yakauke polepole: utando unaobaki hung'aa rangirangi kama mgongo wa mbawakawa, wala hukutia rangi yoyote. Shida ni yale maji ya asidi yanayobaki. Hapo ndipo sifa ya "kijani", ya kutunza mazingira, huanza kuyumba.

Ya pili ni nguvu za mashine. Selulosi hupitishwa kwenye mgandamizo mkubwa, tena na tena, mpaka nyuzi zichambuke. Hizi ni ndefu na husukana. Asilimia 2 tu majini hutoa uji mzito usiomwagika. Zinakula umeme mwingi, ingawa vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) huupunguza.

Kwa karatasi na vifungashio, mimi nachukua nyuzi.